Nywele Hutaka Subira



Hapa Unguja, tangu Mji Mkongwe hadi mashamba, mafuta ya nywele ya bibi zetu yalitoka jikoni. Nazi hukunwa kwa mbuzi, tui likakamuliwa, kisha likapikwa kwa moto mdogo mpaka maji yakauke, mafuta yaelee juu na chenga za kahawia zizame chini. Huchujwa, yakatiwa chupani. Nywele zikishaoshwa na kupakwa, hufukizwa udi. Siku ya harusi hupambwa asumini.

Wataalamu nao wameona kwamba mafuta ya nazi hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha. Lakini nywele hurefuka takriban sentimita 1 tu kwa mwezi. Nywele ndefu, basi, ni zile zilizolindwa zisikatike kwa miaka.

Hapo ndipo penye funzo. Mtoto analia akisukwa, ngozi ya panja imevutika, naye anaambiwa avumilie ili apendeze. Tusimwambie hivyo. Kusuka kwa kubana kila mara huharibu mizizi, na nywele za panja huenda zisiote tena. Mlegezee. Mchane taratibu, kuanzia nchani, nywele zikiwa na unyevu na mafuta.

Subira huvuta heri. Mtoto anayeshikwa kichwa kwa upole hujua kwamba mwili wake una thamani, naye atawashika wengine vivyo hivyo. Leo ukimkalisha binti yako kumchana, usimharakishe.