Mpagazi Asiye na Jina

Mtu atokaye Mpanda kwenda Dar es Salaam kwa gari moshi, akipitia Kaliua na Tabora, hufika amechoka, na macho yake hutafuta vitu vikubwa tu. Ndivyo nilivyokuwa mimi nilipoiona kwa mara ya kwanza Sanamu ya Askari, pale Barabara ya Samora inapokutana na ya Azikiwe. Nilitazama bunduki, nikatazama singe iliyoelekezwa bandarini, nikaenda zangu. Miaka mingi baadaye, nikimngoja pale mtu aliyechelewa, ndipo nilipoteremsha macho. Ubavuni mwa kitako cha sanamu mna bamba la shaba lenye mchongo uliojitokeza nusu, nusu ukiwa bado umo ndani ya shaba. Mle wamo wapagazi na mizigo yao.

Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 1927, kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling, nayo yameandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanamwahidi atakayekufa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Nikaizunguka sanamu nikitafuta jina. Hakuna hata moja. Na wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake walihesabiwa zaidi ya 40,000, wengi wakiuawa na maradhi wala si risasi.

Sikuwa nikitafuta bure. Baba yake bibi yangu, Mbende wa huku kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vile, wala hakurudi. Niliporudi nyumbani nikamwendea dada yake bibi, ambaye wakati huo alikuwa bado hai, nikamwuliza jina la baba yake. Alifikiri sana.

“Sisi tulimwita baba,” alisema. “Jina lake lilikuwa la wakubwa.”

Basi nimlaumu nani? Wajerumani nao walichonga. Mjini Hamburg ziko picha za udongo wa kuchoma, za miaka ya mwisho ya 1930, zilizowekwa kwenye kambi ya jeshi iliyopewa jina la Lettow-Vorbeck: askari wetu huku, wapagazi wetu kule. Mwaka 2003 zilipowekwa katika bustani iliyopewa jina la Tanzania, watu waligombana. Pande zote mbili zilizopigana, kumbe, zilimwona mpagazi anapendeza kuchongwa! Lakini kazi ya kulikumbuka jina Kipling alitutwika sisi wana, bila kutuuliza kama tuliachiwa jina lenyewe.

Siku moja pale Mpanda tulizungumza wachache, juu ya kitu gani kingefaa kuchongwa kwenye ukuta wa jengo la watu wote. Wengi walitaka kiboko wa Katavi. Mmoja akataka mpunga. Mimi nikasema mpagazi.

“Mpagazi yupi, mwanangu?” akauliza mzee mmoja.

“Yeyote, mzee.”

“Yeyote si mtu. Ukimchonga huyo utakuwa umembebesha tena. Safari hii atabeba ukuta.”

Maneno hayo yalinichoma, na hata leo sijaweza kuyakanusha yote. Ni kweli kwamba mtu asiye na jina, akiisha kupambwa ukutani, huwa sawasawa na jani la nakshi. Wapita njia humsifu fundi. Lakini nadhani mzee alisahau jambo moja. Kama lile bamba lisingekuwapo, mimi nisingemwendea yule bibi, naye angekufa bila mtu kumwuliza habari za baba yake. Mchongo haukunipa jina. Ulinipa aibu ya kutolijua, na aibu hiyo nisingeipata kwa kiboko.

Nikamwambia mzee hivyo. Akatikisa kichwa, akauliza, “Na chini yake mtaandika nini?”

“Baba,” nikasema.

Alinyamaza kidogo. Kisha wenzetu wakarudia habari ya kiboko, kama mdomo wake uchongwe wazi au umefungwa.