Damu Kabla ya Posa

Hivi mtu unaanzaje kumwambia mshenga aulizie damu? Kwetu Mtawanya barua ya posa hubeba salamu, kishika uchumba na majina ya wazee. Cheti cha maabara hakimo.

Mimi nimepimwa: nina jeni moja ya selimundu, hiyo watu wanaiita siko seli. Siumwi. Lakini kama binti naye anayo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutupa mtoto mgonjwa: mifupa inauma, damu inapungua, kulazwa hakuishi.

Bibi anasema ni mkosi wa ukoo. Basi sikia. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye jeni moja tu hukingwa na malaria kali. Kwa mbu wa Rufiji hawa, pengine huo "mkosi" ndio uliomvusha babu utotoni hata akaoa. Nimlaumu nani?

Rafiki yangu ananiambia, "We nyamaza, Mungu ndiye mpangaji." Sawa, ila atakayelia usiku si yeye. Wengine wanataka sheria izuie ndoa za namna hii. Hapo nakataa katakata. Uamuzi ni wetu wawili, lakini yeye ataamuaje jambo nililomficha?

Mjomba alikuwa apeleke barua Jumamosi. Nimemwomba angoje, nizungumze kwanza na mwenyewe. Kanitazama weee, halafu kaiweka barua juu ya kabati.