Chumba cha Tobia

Somo: Nehemia 13:4–13

Wiki hii nimekaa na habari ya chumba kimoja. Nehemia alikuwa ameondoka Yerusalemu kwenda kwa mfalme Artashasta. Aliporudi akakuta chumba kikubwa cha nyumba ya Mungu, kilichokuwa kikiwekwa sadaka za unga, ubani, vyombo, na zaka ya nafaka, divai na mafuta, kimekuwa cha Tobia na vyombo vyake vya nyumbani. Hakuna mlango uliovunjwa. Aliyefungua ni Eliashibu kuhani, mwenye kukabidhiwa vyumba vile, maana Tobia alikuwa mtu wao wa ujamaa.

Miaka yote nimeisoma habari hii nikimlaumu Tobia. Safari hii nimemtazama Eliashibu, nikajiona mwenyewe.

Ofisi ya usharika wetu ina kompyuta nne. Moja iko mezani kwa katibu, na ndani yake mna folda ambayo zile tatu huifikia kupitia mtandao wa ofisi. Siku ilipowekwa, fundi aliniuliza nani aruhusiwe. Nikamjibu, "Wote. Sisi hapa ni familia moja." Akaweka ruhusa ya kila mtu, kusoma na kubadili, akaenda zake. Mwanzoni folda ile ilibeba ratiba za ibada na nyimbo za kwaya. Baadaye zikaingia hesabu za ahadi na bahasha za sadaka, barua za wanandoa waliokosana, na orodha ya kaya tunazozisaidia unga na ada za shule, kila kaya na sababu yake.

Mwezi uliopita mama mmoja alifika kabla ya saa mbili asubuhi. Nilimkaribisha kiti, hakuketi. Alisimama ameshika mlango, akasema, "Mchungaji, ugonjwa wangu nilikwambia wewe. Jana nimeusikia bombani." Kijana aliyekuwa akitafuta ratiba ya kwaya alifungua faili lililokuwa jirani yake, lenye habari za mama yule, akasoma, akamsimulia dada yake. Hakuiba kitu wala hakudukua. Alibonyeza mara mbili tu, likafunguka.

Nilimwomba mama yule radhi. Kijana sikuweza kumwita atubu kabla sijatubu mimi.

Tukamrudisha fundi, na safari hii nilikaa kando yake hadi jioni. Kumbe folda ya pamoja ina milango miwili. Wa kwanza ni ruhusa ya kuifikia kwa njia ya mtandao, wa pili ni ruhusa ya faili lenyewe kwenye diski. Anayetoka kompyuta nyingine hupita yote miwili, na ule ulio mkali zaidi ndio huamua. Lakini aliyeketi kwenye kompyuta yenyewe hukutana na ule wa pili peke yake. Kwetu kila aliyetaka kuchapa barua alikuwa akitumia akaunti ya katibu, nywila yake imebandikwa kwenye karatasi ubavuni mwa skrini, kwa hiyo hata tungefunga mtandao wote tusingekuwa tumefunga kitu. Sasa kila mtu ana akaunti yake, na ruhusa tumezigawa kwa kazi: wahasibu, ofisi, kwaya. Mtu akibadilisha kazi anatolewa kwenye kundi lake, na ruhusa zake zinaishia hapo. Tulipopitia majina tulikuta la mwinjilisti aliyehama miaka miwili nyuma, na bado lilikuwa linafungua kila kitu.

Mzee mmoja wa kanisa aliumia. "Mchungaji, kumbe hatuaminiani?" Alikuwa na machozi, wala sikumjibu haraka. Nilimfungulia mstari wa 13. Baada ya kukisafisha chumba, Nehemia aliwaweka watunza hazina wanne: Shelemia kuhani, Sadoki mwandishi, Pedaya Mlawi, na Hanani wa kuwasaidia. Walichaguliwa kwa uaminifu wao, na wakapewa kazi ya kuwagawia ndugu zao. Walawi na waimbaji wengine wote hawakupewa funguo, na hakuna aliyewaita wezi. Nikamwambia pia kwamba hesabu zikipotea leo, hakuna atakayemshuku yeye, maana hana ruhusa ya kuzifikia. Na virusi vile vinavyofunga mafaili na kudai fedha hutenda kwa ruhusa za yule aliyevifungua bila kujua. Asiyefikia faili si rahisi hata kutumiwa kuliharibu.

Nchi yetu, Tanzania, nayo imeliona hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Nakiri kwamba ingetupasa tutangulie sisi, kwa kuwa watu walituletea siri zao muda mrefu kabla sheria haijatungwa.

Jambo moja lilinigharimu zaidi ya mengine. Nilikuwa na mazoea ya kulifungua faili la ahadi kila Jumatatu. Nikijichunguza, naona lilivyogeuza hata namna ya kuwasalimu watu mlangoni baada ya ibada: mkono wa huyu niliushika kwa muda, wa yule niliuachia upesi. Kwenye kundi linaloruhusiwa kulifungua faili hilo nimejitoa. Wahasibu wananipa jumla, na jumla inanitosha.

Mama yule hajarudi kwenye jumuiya yake. Alhamisi nitakwenda kwake tena, kama atanifungulia.

Nanyi mnaotunza ofisi za shule, za zahanati, za vikundi vya kuweka na kukopa, nawasihi: kesho asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, fungueni folda yenu ya pamoja, mtazame majina ya nani yamo humo, na ni nani anayeweza kuyasoma.