Mchanga wa Mto Mbezi
Wengi wanaoshuka kituo cha Africana, Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam, hawajui kwamba jina hilo ni la hoteli ya ufukweni iliyotamba miaka ile baada ya Uhuru. Bahari iliila hoteli mpaka ikaachwa. Limebaki jina la kituo.

Husemwa bahari imechachamaa. Ni kweli, na baruti za wavuvi zilizovunja matumbawe ziliiacha pwani bila kinga. Lakini kisa kikubwa kiko bara. Mto Mbezi na Mto Tegeta ndiyo huulisha ufukwe wa Kunduchi: masika hushusha mchanga hadi baharini, kusi ikivuma mkondo huusogeza kaskazini. Mawimbi hula, mito hurudisha. Sisi tumeuchukua mchanga huo kabla haujafika.

Pita kando ya mito hii wakati wa kiangazi. Utawakuta vijana wamezama kiunoni kwenye mashimo, mabeleshi mikononi, wakirusha mchanga kwenye bodi la lori. Likijaa, safari ya Goba, Salasala, Madale, kokote tofali zinakofyatuliwa. Vijana hao wanatafuta riziki na siwalaumu. Yanayonitisha ni yale mashimo. Mvua zikianza, maji hukuta kingo zimechimbwa kwa chini, zinaning'inia. Huzibomoa pande kwa pande. Hutangulia uzio, hufuata choo, kisha chumba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, lakini ukingo wenyewe unatembea. Aliyejenga mbali kwa uaminifu anaamka yuko mtoni, naye hajahama.

Huku Kunduchi mivinje imelala kifudifudi, mizizi nje. Baadhi ya hoteli zilijenga kuta za mawe kuingia baharini ili zinase mchanga. Zikanasa, upande mmoja. Jirani wa upande wa pili akazidi kuliwa, kwani mchanga wa kugawana ni ule ule mchache.

Anayejenga hununua tripu ya mchanga, na mara nyingi huuliza bei tu. Aulize pia umechimbwa wapi. Ukiwa wa mtoni aukatae, atafute wa machimbo yenye kibali, hata ukimgharimu zaidi. Na viongozi wa mitaa wayazuie malori kwenye vinjia vya kushukia mtoni, yakiwa bado matupu. Kulikamata lori barabarani likiwa limejaa ni kuchelewa: shimo limeshachimbwa.