Niko Fildi, au Niko Kwetu?

Juzi mama alinipigia simu kuuliza kama nitakula mchana. Nikamjibu, "Mama, leo niko fildi." Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Fildi gani, mwanangu? Si nakuona kutoka jikoni?"

Nilicheka, lakini neno likanikaa rohoni.

"Field" ya Kiingereza, kwa maana yake ya zamani, ni ardhi wazi: malisho, shamba, uwanja wa majani. Hiyo naijua tangu utoto. Mwaka 2008, tulipokimbia vurugu za baada ya uchaguzi Kenya, tulivuka mpaka Busia tukafikia Lumino kwa shangazi. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na uwanja. Asubuhi mbuzi wanafungwa pale, jioni sisi watoto tunapiga mpira wa makaratasi. Mgeni angeona majani tu. Wenyeji walijua kila mbuzi ni wa nani, na kila njia inaenda kwa nani.

Baadaye tulipelekwa Mulanda, kule Tororo, kisha hapa Kiryandongo. Hapa ndipo niliposikia fildi ya pili, ile ya wafanyakazi wa mashirika. Anayetoka ofisi ya hapa kuja kwetu anaenda fildi. Kwa bosi wake wa Kampala, hata hiyo ofisi ni fildi. Na kwa aliye Geneva, Kampala yenyewe ni fildi. Kumbe fildi haina mahali pake. Ni pale ambapo msemaji hakai.

Hata "camp" inatokana na neno la Kilatini, campus, yaani uwanda ulio wazi.

Je, ni kosa kusema hivyo? Ati ni matusi? Hapana, sidhani. Kazi inahitaji maneno mafupi. Lakini kwenye uwanda wazi unapiga kigingi popote, huulizi mtu. Kwa mtu, unapiga hodi kwanza. Na siku ile mama aliponipigia, nilikuwa nimeshaingia nyumba tatu na fomu zangu, na sikukumbuka kupiga hodi hata moja. Mimi, mtoto wa hapa hapa!

Neno bado linanitoka mdomoni, sitadanganya. Ila sasa likitoka najiuliza, na wewe msomaji nakuuliza, uwe na kitambulisho cha shirika au kadi ya chakula: leo unaenda fildi, au unaenda kwa mtu?