Mtaka cha Uvunguni

Methali isemayo mtaka cha uvunguni sharti ainame hutumiwa na wengi kuwahimiza wavivu, na himizo hilo kweli limo. Lakini uvungu wa kitanda cha kamba ndipo wazee wetu wa pwani walipohifadhi sanduku la nguo za sikukuu na akiba ya siri, mahali ambapo jaha ya mtu na urefu wake havimfai kitu, hata sultani angelazimika kupiga magoti. Neno nilitazamalo kwa muda mrefu zaidi ni lile la mwisho: ainame. Ni yeye yule atakaye. Methali haikusema na amwinamishe mwanawe.

Tumchukue mzazi wa Ndagoni, kisiwani Mafia, ambaye riziki yake ni minazi aliyorithi na wavu autiao baharini pepo zikiruhusu. Amesikia sifa za Ilboru, Mzumbe na Kilakala, shule za serikali zipokeazo watoto waliowapita wenzao katika mtihani wa darasa la saba. Amesikia pia habari za shule za binafsi za bara, ambazo ada yake humeza mavuno ya shamba zima. Basi anauza sehemu ya minazi, anamvusha mwanawe mdogo kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, ng'ambo ya bara, akalale bwenini miongoni mwa wageni. Simlaumu, maana mapenzi yake ni ya kweli na dhiki anayomkimbizia mwanawe ni ya kweli. Naye ameinama mpaka mgongo umemuuma. Lakini mtoto ameinamishwa kabla hajajua uvunguni mna nini, na kila likizo, kabla hajaulizwa hali, huulizwa amekuwa wa ngapi.

Tamaa hii si ya jana. Tabora, shule ambayo serikali ya Waingereza iliikusudia kwanza kwa wana wa machifu, iliizoeza nchi kuamini kwamba mlango wa cheo ni mwembamba. Na Mwalimu Nyerere, aliyesoma huko mwenyewe, aliandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule ya msingi isiwe matayarisho tu ya wachache watakaoendelea, bali iwe elimu iliyotimia kwa wote. Ada iliondolewa mwaka 2016 katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na hofu ikabaki, kwa kuwa wazazi wengi huogopa kuachwa nyuma na jirani kuliko wanavyoiogopa ada.

Kuinama kwa methali kuna kikomo: mtu huinama, hushika, huinuka. Aliyeinamishwa kwa hofu ya mwingine hajui lini ameruhusiwa kuinuka. Kwa hiyo mzazi na atangulie kuinama yeye, akae mkekani jioni amsikilize mwanawe akisoma, hata kama yeye hakujaliwa kusoma, kisha amwulize kwa upole anachokitamani ni nini. Na mtoto akitaja kuunda mashua, asikunjiwe uso.