Mchimba Kisima Naye Ana Haki: Ahmet Altan na Deni la Mwandishi

Swali tunalokusudia kulichunguza katika makala haya si geni kwa wahakiki wa fasihi ya gerezani, ingawa aghalabu huepukwa. Je, mwandishi anayedhulumiwa na dola huwa amefutiwa madeni ya kimaadili aliyokuwa nayo kabla ya kukamatwa? Na kwa upande wa pili, je, madeni hayo yakiwa makubwa, yanaipunguza haki yake ya kutetewa? Tutalijadili swali hili kwa kumtazama mwandishi mmoja wa Kituruki, Ahmet Altan, mtunzi wa riwaya na mhariri wa gazeti. Tumemchagua kwa sababu ni vigumu kumwita shujaa asiye na doa, na pia ni vigumu kumtupa.

Altan alizaliwa mwaka 1950 katika nyumba ya wino na kesi. Babake, Çetin Altan, alikuwa mwandishi wa habari na mbunge wa Chama cha Wafanyakazi cha Uturuki kuanzia 1965 hadi 1969. Alishtakiwa mara nyingi mno kwa sababu ya maandishi yake, na alikamatwa baada ya jeshi kuingilia siasa mwaka 1971. Mwana alifuata nyayo. Mnamo Aprili 1995 alichapisha katika gazeti la Milliyet makala iliyoipindua historia juu chini: alimtaka msomaji afikirie kwamba mwasisi wa taifa alikuwa Mkurdi, na kwamba Waturuki ndio wanaoambiwa kwamba watu kama wao hawapo. Alifukuzwa kazi, kisha akahukumiwa kifungo kilichoahirishwa. Tunasisitiza kwamba makala ile haikuwa na takwimu wala hoja za kisheria. Silaha yake ilikuwa ubunifu mtupu, yaani kumhamisha msomaji kutoka nafsi yake na kumweka katika nafsi ya jirani anayemdharau. Tutalirudia jambo hili.

Mwaka 2007 alishiriki kuanzisha gazeti la Taraf, akawa mhariri wake mkuu hadi mwisho wa 2012. (Jina hilo lina maana ya 'upande', na shina lake la Kiarabu tunalo katika neno letu mintarafu.) Upande wa gazeti hilo ulikuwa wazi tangu mwanzo: lilipinga ukuu wa jeshi katika siasa za Uturuki. Mwaka 2008 Altan alishtakiwa kwa makala aliyowatunukia Waarmenia waliouawa katika siku za mwisho za dola ya Osmania, kwa mujibu wa kifungu cha 301 cha sheria ya jinai kinachohusu kuudhalilisha Uturuki. Mpaka hapo msomaji wa kiliberali hana la kulalamikia.

Tatizo linaanza Januari 2010. Taraf ilichapisha hati zilizodaiwa kuwa za mpango wa mapinduzi ya kijeshi wa mwaka 2003, uliopewa jina la Balyoz, yaani nyundo. Kesi ilifuata, na mnamo Septemba 2012 zaidi ya maofisa 300 wakahukumiwa vifungo. Lakini hati zenyewe zilikuwa na kasoro ambayo hata mtoto angeielewa: faili zilizodaiwa kuandikwa mwaka 2003 zilikuwa na alama za programu ya kompyuta iliyotoka mwaka 2007. Juni 2014 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba haki za washtakiwa zilikiukwa, na Machi 2015, kesi iliporudiwa, washtakiwa 236 wakaachiwa huru.

Ni haki tuseme kwamba gazeti halihukumu mtu. Mahakama ndiyo ihukumuyo. Ni haki pia kukumbuka kwamba shaka juu ya majenerali wa Uturuki haikuwa wazimu. Jeshi lilipindua serikali mwaka 1960, na waziri mkuu akanyongwa mwaka uliofuata. Liliingilia kati mwaka 1971, likapindua tena mwaka 1980, likaiondoa serikali kwa mashinikizo mwaka 1997, na mwaka 2007 likatoa onyo la maandishi. Isitoshe, semina ya kijeshi ya Machi 2003 iliyotajwa katika kesi hiyo ilifanyika kweli, ingawa maofisa walisema kwamba ilikuwa zoezi tu. Kwa hivyo hatudai kwamba kosa lilikuwa kuchapisha. Kosa, kwa maoni yetu, lilikuwa kuishikilia hadithi baada ya kalenda yenyewe kuikana. Mhariri anayeujua uzito wa neno moja katika riwaya hawezi kudai kwamba tofauti ya miaka minne ndani ya hati ni jambo dogo, hasa ikiwa juu ya hati hiyo kuna watu waliolala gerezani.

Kisha gurudumu likageuka. Hata kabla Altan hajaondoka Taraf alikuwa amekwisha kuikosoa vikali serikali aliyodhaniwa kuwa rafiki yake, mathalan baada ya ndege za kivita kuwaua raia 34 wa Kikurdi karibu na mpaka wa Iraki mwezi wa Desemba 2011. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 15 Julai 2016, Taraf ilifungwa kwa amri ya dharura, na Septemba 10 Altan na nduguye Mehmet, profesa wa uchumi, walikamatwa alfajiri. Tuhuma ya kwanza ilikuwa kwamba, katika mazungumzo ya televisheni usiku wa kuamkia siku ya jaribio, walipeleka 'ujumbe fiche' kwa wapinduzi. Tuhuma hiyo ya ajabu iliyeyuka baadaye, mahali pake pakachukuliwa na shtaka la kujaribu kuuangusha utaratibu wa katiba. Februari 2018 Altan alihukumiwa kifungo cha maisha cha daraja kali zaidi. Hukumu ilitenguliwa mwaka 2019. Akahukumiwa upya kwa kosa dogo zaidi, akaachiwa Novemba 4, akakamatwa tena baada ya siku nane. Aprili 13, 2021 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba haki zake za uhuru wa mtu na uhuru wa kujieleza zilikiukwa. Siku ya pili yake alitoka.

Wapo waliomcheka. Methali yetu ya mchimba kisima kuingia mwenyewe ingewafaa sana, maana gereza la Silivri, alimofungwa Altan, ndilo lililokuwa na ukumbi wa mahakama walimohukumiwa maofisa wa Balyoz. Lakini tuitazame methali hiyo kwa makini. Inaeleza tukio linalotokea mara kwa mara. Haisemi kwamba aliyetumbukia aachwe mle, wala haimpi mpita njia ruhusa ya kufukia kisima. Kosa la wanaocheka ni kosa la kimantiki kabla ya kuwa kosa la kimaadili: wanaugeuza mfululizo wa matukio kuwa hukumu. Altan hakufungwa kwa ajili ya Balyoz. Alifungwa na dola iliyomchukia kwa mambo mengine, kwa ushahidi usioweza kusimama. Ikiwa ana deni, wadai wake ni maofisa wale na jamaa zao, si mwendesha mashtaka wa mwaka 2016. Dawa ya deni ni kulipa, ndiyo. Lakini alipwe anayedai.

Hapo ndipo tunapotofautiana na mhakiki wa upande wa pili, yule ambaye kwake kifungo ni udhu. Sisi wa Kenya tumelelewa katika desturi inayotuelekeza huko bila ya kujijua. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 kwa waraka aliouandika, na Sauti ya Dhiki ikatoka katika kifungo hicho. Tukajifunza kuusoma ukuta wa gereza kama muhuri wa ukweli wa mwandishi. Kwa Abdilatif muhuri huo ulistahili. Hatari ni kuugonga juu ya kila kitabu kitokacho gerezani.

Kitabu cha Altan, kilichotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2019 kwa jina la I Will Never See the World Again, kilitoka gerezani kikiwa kurasa zilizopitia mikononi mwa mawakili. Ni kitabu kizuri sana. Kinaanza na polisi mlangoni. Mwandishi anawakaribisha chai na kuwatania kwa maneno yale yale ambayo babake aliwatania polisi miaka arobaini na mitano kabla. Mandhari hii huwavutia wasomaji wote, nasi imetuvutia. Lakini tazama muundo unavyofanya kazi: kutoka 2016 tunaruka moja kwa moja hadi 1971. Nasaba anayojichagulia msimulizi ni nasaba ya waliogongewa milango. Ile miaka ambapo gazeti lake lilishangilia milango ya wengine ikigongwa imo katikati ya mruko huo, na mruko unaipita juu kwa juu. Hatusemi kwamba msimulizi anadanganya. Tawasifu yoyote ni uteuzi, na mtu aliye rumandeni, ambaye kila neno lake laweza kugeuzwa kuwa ushahidi, hawajibiki kuungama mbele ya walinzi. Tunachosema ni kwamba msomaji aliye huru hana udhuru huo, na anawajibika kukisoma kimya kile pamoja na maneno.

Kuna sehemu nyingine yenye manufaa zaidi kwa mjadala wetu. Altan anasimulia jinsi hakimu mmoja alivyomwambia, kwa sauti ya mtu mwenye kusikitika, kwamba ingekuwa bora kama angebaki kuandika riwaya na kuachana na siasa. Hakimu huyo, tukimsikiliza vizuri, ana nadharia ya fasihi: kwamba kuna ubunifu, ambao hauna madhara, na kuna dunia, na kwamba mwenye busara haviunganishi. Tunaikataa nadharia hiyo, na makala ya mwaka 1995 yatosha kuikanusha. Ila tukiikataa kwa ajili ya kumsifu Altan, hatuwezi kuirudisha kwa siri kwa ajili ya kumsamehe. Wako wanaosema: tumsome mwandishi wa riwaya, tumsahau mhariri. Hao ni wanafunzi wa hakimu. Kipawa kilichomwezesha Altan kumweka Mturuki katika nafsi ya Mkurdi ni kile kile ambacho, mwaka 2010, hakikuelekezwa kwa ofisa mwenye cheo asichokipenda, anayesema kwamba hati ile hakuiandika yeye.

Mwandishi anajigamba, kitabuni, kwamba mawazo yake hupita ukuta wowote na kwamba hakuna awezaye kumfunga. Tunamwamini. Gerezani aliandika riwaya ya Hayat Hanım, iliyopata tuzo ya Femina ya Ufaransa kwa kitabu cha kigeni mwaka 2021. Lakini kuta ambazo mawazo yake yanapita ni za seli yake, kwenda nje. Safari ya kuelekea ndani ya seli ya mtu mwingine, pale pale Silivri, miaka michache nyuma, kitabu hakiisafiri.

Kwa hiyo msimamo wetu ni mgumu kidogo kuushika. Tunadai kwamba Altan alistahili kutetewa bila ya sharti lolote, na kwamba aliyesubiri kwanza amsikie akitubu alikuwa anafanya kazi ya polisi bila ya mshahara. Tunadai vilevile kwamba utetezi huo haukulipa kitu. Dola ilimtoza kifungo cha zaidi ya miaka minne na nusu kwa deni ambalo halikuwa lake dola, na hakuna hata mmoja kati ya wale 236 aliyehesabiwa siku moja kati ya siku hizo kuwa malipo yake.